Jinsi ya kwenda kuangalia shoo West End, London, bila kupigwa hela na bila kukalishwa nyuma ya nguzo

Watu wengi wakifika London wanapita pale Leicester Square usiku, wanaona mabango yanawaka, yule simba, ile barakoa nyeupe, yule mchawi wa kijani, wanapiga picha alafu wanaendelea na safari yao, manake kichwani wameshajiambia kule ndani ya majumba ya maonyesho ni kwa watu wa suti na hela nyingi. Sio kweli jamani, na inaniuma kila nikisikia mtu anasema hivo. Nimekaa kwenye majumba yale na jinzi na raba, pembeni yangu bibi na wajukuu wake, mbele yangu vijana wametoka kazini na mabegi yao.

Kinachowaangusha watu sio bei peke yake, ni kununua bila kujua wanakalishwa wapi. Mara yangu ya kwanza nilinunua kwenye saiti moja iliyotokea juu kabisa nilipotafuta kwenye simu, haikuwa ya jumba lenyewe, bei ikapandiwa na ada juu ya ada, na nilipofika nikakuta mbele ya siti yangu kuna nguzo ya chuma, nyembamba tu, imepakwa rangi ya dhahabu, imesimama katikati kabisa ya steji. Muigizaji akisogea kati anapotea, alafu anatokea upande wa pili, na mimi nazungusha shingo kushoto kulia masaa mawili na nusu. Ndo maana humu sehemu ya siti itakuwa ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: jua jumba lako liko wapi

West End sio jengo moja, ni mitaa yenye majumba ya maonyesho kama 40 hivi, mengi yamebanana kati ya Shaftesbury Avenue, Leicester Square, Covent Garden na Strand, unatoka moja kwenda jingine kwa mguu. Kwa treni ya chini shuka Leicester Square, Piccadilly Circus, Covent Garden au Charing Cross, na kama unatokea uwanja wa ndege wa Heathrow laini ya Piccadilly inakufikisha hizo tatu za kwanza moja kwa moja bila kubadilisha.

Sasa shida iko kwenye majina, hapa soma taratibu. Kuna Apollo Theatre iko Shaftesbury Avenue, kuna Apollo Victoria iko karibu na stesheni ya Victoria, alafu kuna Apollo nyingine kubwa iko mbali kule Hammersmith. Kuna Palace Theatre pale Cambridge Circus na kuna Victoria Palace, sehemu mbili tofauti kabisa. Cambridge Theatre iko London hapohapo, Seven Dials, haina uhusiano na mji wa Cambridge. Na Theatre Royal Drury Lane mlango wake wa mbele uko mtaa wa Catherine Street, sio Drury Lane. Kwaiyo usiweke tu jina la shoo kwenye ramani, weka jina kamili la jumba pamoja na postikodi iliyoandikwa kwenye tiketi.

Hatua ya 2: chagua shoo kwa kujijua wewe mwenyewe

Kuna shoo zinakaa wiki kumi tu zinaondoka, hasa zile zenye muigizaji maarufu wa sinema, hizo ziangalie kwenye saiti ya Official London Theatre ambayo ni ya chama cha wenye majumba wenyewe, wanaorodhesha kinachoonyeshwa na kinafungwa lini. Mimi nazungumzia zaidi zile zilizoota mizizi.

Kwa msemaji wa Kiswahili anayeenda mara ya kwanza, mimi bila kusita ntamwambia The Lion King pale jumba la Lyceum, ipo hapo toka Oktoba 1999. Na sio kwa sababu ya watoto. Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, Sarabi, wewe haya sio majina tu, ni maneno unayajua maana yake, unakaa pale katikati ya watu elfu mbili na wewe unasikia kitu ambacho wengi wao hawakisikii, mama yake Simba anaitwa sarabi, yaani yale mazigazi unayoyaona kwenye jua kali ukidhani ni maji. Wimbo wa mwanzo unafunguliwa kwa Kizulu, Rafiki, yule nyani mganga, kwenye shoo hii ni mwanamke, anasimama peke yake anaita kwa sauti inayokukamata kifuani, alafu twiga wanaingia, na ukiangalia vizuri twiga ni mtu mmoja amesimama juu ya mironjo minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono, anatembea taratibu, na uso wake unauona kabisa, hawaufichi. Alafu wanyama wengine wanatokea nyuma yako wanapita kwenye njia katikati ya siti. Watu wazima wanalia pale, nimewaona.

Kama Kiingereza chako sio kizuri sana au unamleta mzazi ambaye hakijui, hiyo tena, au Mamma Mia! pale Novello, nyimbo za ABBA unazijua tayari na stori ni nyepesi, binti anaolewa hajui baba yake nani kati ya wanaume watatu, basi. Wicked iko Apollo Victoria toka 2006, kubwa, ni ile ya yule mchawi wa kijani, mitambo mingi, inamfaa mtu anayependa kuona hela yake imetumika kwenye steji.

Les Misérables ilianza London mwaka 1985 na saivi iko Sondheim Theatre, lakini jua kwamba pale karibu kila kitu kinaimbwa, hakuna mazungumzo ya kukusaidia, kwaiyo soma muhtasari wa stori kabla hujaenda, dakika kumi tu zinatosha, usipofanya hivo utasikia sauti nzuri bila kujua nani anamkimbia nani. Hamilton, ambayo iko Victoria Palace toka mwishoni mwa 2017, ni rap ya haraka kuhusu historia ya Marekani, hata wenye Kiingereza chao wanapotea, sikiliza nyimbo zake nyumbani kwanza. The Phantom of the Opera, ile ya barakoa nyeupe, iko kwenye jumba lilelile toka Oktoba 1986, jumba tu ndo limebadilika jina, lilikuwa Her Majesty's, yaani la malkia, mfalme alipoingia likawa His Majesty's, la mfalme.

Kwa mtu asiyetaka nyimbo kabisa kuna The Mousetrap ya Agatha Christie, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi, jumba la St Martin's. Ilianza 25 Novemba 1952 kwenye jumba la jirani, ikahamia hapo 1974, na haikusimama mpaka korona ilipofunga kila kitu Machi 2020, ikarudi Mei 2021. Ukiingia pale ukumbi wa mbele tafuta ubao wa mbao unaoonyesha shoo ya leo ni ya ngapi, namba imeshavuka elfu thelathini, watu wanapanga mstari kupiga picha. Ni stori ya mauaji, watu wamekwama kwenye nyumba na theluji imefunga njia, na mwisho muigizaji mmoja anawaomba mliokaa msiende kumtaja muuaji. Mimi pia sikwambii.

Kitu kingine ambacho hawakitangazi sana: karibu kila shoo kubwa ina siku maalum zenye maandishi, wanaita captioned, wanaweka skrini pembeni ya steji na maneno yote yanapita pale. Zimewekwa kwa ajili ya wasiosikia vizuri, ila kwa mtu anayesoma Kiingereza vizuri kuliko anavyokisikia zinasaidia mno, kalenda yake iko kwenye saiti ya shoo husika.

Hatua ya 3: siti

Haya sasa. Majumba haya mengi yamejengwa miaka ya mwisho ya 1800 na mwanzo wa 1900, wakati ule tajiri na maskini walikuwa hawachanganywi, wa bei ya chini walipanda juu kwa ngazi zao za pembeni. Umbo hilo halijabadilika. Chini kabisa, usawa wa steji, panaitwa Stalls. Ghorofa ya kwanza ni Dress Circle au Royal Circle. Juu yake Upper Circle au Grand Circle, na baadhi ya majumba yana ya nne juu kabisa, Balcony. Usidanganyike na neno, ukiona Upper jua ni juu kweli, ngazi nyingi, mteremko mkali, nafasi ya magoti ndogo, na lifti mara nyingi hakuna. Mwenye goti bovu au anayeogopa urefu usimpeleke kule hata kama ni rahisi. Kiangazi kule juu ni joto pia.

Watu wanadhani Stalls ndo bora kila mahali, hapana. Safu za nyuma za Stalls ziko chini ya ghorofa ya juu, lile dari linakuja mbele linakukatia sehemu ya juu ya steji. Kwenye shoo ambayo kila kitu kinatokea chini haina shida, lakini kwa The Phantom of the Opera kuna lile taa kubwa la vioo limening'inia juu ya watu, ukikaa nyuma kule chini hulioni vizuri, yaani umelipa hela kubwa umekosa kitu ambacho aliyekaa ghorofa ya kwanza kwa bei hiyohiyo amekiona chote. Safu ya kwanza kabisa nayo, steji inaweza kuwa juu kiasi kwamba miguu ya waigizaji huioni, shoo ya kudansi bila miguu inapungua sana.

Mimi nikiwa na hela ya wastani nachukua Dress Circle safu za mbele katikati. Nikiwa na hela ndogo nachukua Upper Circle katikati, safu ya pili au ya tatu, manake ya kwanza mara nyingine ina kile chuma cha usalama kinakaa usawa wa macho. The Lion King tu ndo navunja hiyo sheria, pale natafuta Stalls pembeni mwa njia ya kupita, kwa sababu wanyama wanapita hapo karibu kabisa na bega lako. Kama hazipatikani ghorofa ya kwanza sio mbaya, unaona umbo zima la mbuga na wapiga ngoma waliokaa pembeni huku na huku.

Fanya hivi kabla ya kulipa:

- Angalia kama siti imeandikwa restricted view. Hiyo ni nguzo, au chuma, au upande wa steji umekatika. Sio lazima uikimbie, nyingine wanakata bei sana kwa kitu kidogo tu, ila lazima ujue ni kitu gani.
- Ingia kwenye saiti ya SeatPlan, weka jina la jumba na namba ya siti, watu wamepiga picha toka kwenye siti zenyewe. Kama ningeijua mapema ile nguzo ningeiona kwenye simu.
- Ukiwa na mtoto uliza umri, majumba mengi hayaruhusu walio chini ya miaka mitatu au minne, na kila anayeingia lazima awe na tiketi yake. Wana mito ya kumwinua mtoto, omba mapema zisije zikaisha.

Hatua ya 4: nunua

Bei za West End ziko pana sana, shoo hiyohiyo usiku huohuo mmoja analipa pauni 25 na mwingine pauni 150 na zaidi. Jumatatu mpaka Alhamisi mara nyingi ni nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi, na likizo za shule bei zinapanda.

Anza na saiti ya jumba au ya shoo yenyewe. Kwenye simu matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo, yameandikwa hivo kwa herufi ndogo, yapite. Ukinunua kwa wakala hakikisha ana alama ya STAR, kile chama cha wauza tiketi wanaofuata utaratibu. Mtu wa mtaani anayekuita pembeni usimsikilize hata sekunde.

Ukishakuwa London nenda kwenye kibanda cha TKTS, kiko Leicester Square penyewe, kimesimama peke yake upande wa kusini wa ile bustani. Kuna maduka mengine jirani yameandika nusu bei kwa herufi kubwa, sio hayo, ni kile kilichosimama peke yake, ni cha wenye majumba na kipo toka 1980. Kuna skrini inaonyesha shoo gani zina tiketi leo na bei. Nenda asubuhi, alafu muulize yule wa dirishani siti iko wapi kabla hujalipa, wana ramani, na ukimwambia hutaki nguzo anakuelewa mara moja. Zile kubwa zinazojaa hazipunguzwi sana pale, tamthilia za maneno na shoo mpya ndo unapata nafuu kweli.

Njia nyingine ni tiketi za siku hiyohiyo. Programu ya TodayTix inatoa za haraka asubuhi kwa baadhi ya shoo na nyingine zina droo, unajiandikisha bure, ukishinda unalipa bei ndogo, lazima uwe mwepesi manake wanakupa muda mfupi wa kuthibitisha. Na ile ya zamani ambayo mimi bado naipenda, unaenda kwenye dirisha la tiketi la jumba lenyewe unauliza kama kuna zilizorudishwa, hasa ukiwa peke yako. Siti moja moja zinabaki sana, watu wanakuja wawili wawili. Peke yangu nimeshakaa Dress Circle katikati kwa hela ambayo nisingeota.

Wenye familia, Agosti kuna Kids Week, mtu mzima akilipa mtoto mmoja wa miaka 17 kushuka chini anaingia bure. Tiketi zake zinatoka mapema kabla ya Agosti na zinagombaniwa.

Ukishalipa umelipa, kwa kawaida hela hairudi. Kwaiyo soma tarehe mara mbili.

Hatua ya 5: saa

Hii naiandika peke yake kwa sababu nimeona watu wakikosana. Tiketi ikiandika 7.30pm, au 19:30, hiyo kwetu ni saa moja na nusu usiku. 2.30pm ni saa nane na nusu mchana. Mkiwa mnapanga na mwenzako kwa Kiswahili alafu mmoja kasoma namba kama ilivyo, ataelewa saa saba na nusu, atafika mchana kweupe au mtapishana kabisa. Tumianeni picha ya tiketi.

Shoo kubwa zinachezwa mara nane kwa wiki, usiku siku sita na mchana siku mbili, mara nyingi Jumatano au Alhamisi na Jumamosi. Na wanaanza kwa dakika waliyosema. Ukichelewa wanakusimamisha nje mpaka sehemu ya kukuingiza ipatikane, na The Lion King ukikosa zile dakika za mwanzo umekosa kitu kikubwa sana. Fika nusu saa kabla, mabegi yanakaguliwa, na begi kubwa la safari usije nalo, wengine hawana pa kuliweka.

Hatua ya 6: ndani

Hakuna sheria ya mavazi. Simu zima kabisa, sio kuweka mtetemo, ule mwanga unawaumiza wa nyuma yako na waigizaji wanauona. Picha piga kabla haijaanza, ikianza hairuhusiwi, wala kurekodi. Kuimba pamoja nao pia subiri, mwisho wa Mamma Mia! wanawainua wote, hapo imba mpaka sauti ikauke.

Kwenye ukumbi wa mbele angalia ubao au karatasi inayosema leo nafasi flani inachezwa na nani. Ukiona yule uliyemtegemea hayupo, mbadala anacheza, usikasirike. Usiku mmoja niliangalia mbadala, binti mdogo tu, alipomaliza wimbo wake mkubwa ukumbi ulinyamaza kidogo kabla ya makofi, na pembeni ya steji nikaona mwenzake ameshika mdomo kwa mikono miwili. Huyo binti nguvu alizoweka pale sijaziona tena.

Mapumziko ni dakika 15 mpaka 20. Foleni ya choo, hasa ya wanawake, ni ndefu kweli, kwaiyo taa zikiwaka tu nyanyuka. Kuna kijana anapita na trei ya aiskrimu kwenye vikopo vidogo, kijiko kimefichwa kwenye kifuniko, watu wanakitafuta kote. Na wakati huohuo angalia mbele, utaona pazia jingine zito linashuka lenyewe linafunga steji yote alafu linapanda, hilo ni la kuzuia moto, sheria inataka lishushwe mbele ya watazamaji kila shoo, kuwaonyesha kwamba linafanya kazi. Karibu hakuna anayeliangalia.

Kitabu cha shoo kinauzwa, sio bure kama New York, chukua kama unataka kumbukumbu. Shoo chache hazina mapumziko kabisa, SIX, ile ya wake sita wa mfalme Henry wa 8, ni dakika 80 moja kwa moja, choo uende kabla.

Ukitoka

Ukitaka kuwaona waigizaji zunguka jengo utafute mlango mdogo ulioandikwa Stage Door, simama pembeni ya njia, subiri. Sio lazima watoke, wamechoka na wengine wana shoo kesho mchana, lakini akitoka mwambie tu umependa nini hasa, taja kile kipande. Wanakumbuka.

Treni za laini ya Piccadilly na Northern Ijumaa na Jumamosi zinatembea usiku kucha, siku nyingine angalia ya mwisho. Stesheni ya Covent Garden majumba yakimwaga watu kwa pamoja foleni ya lifti inakuwa ndefu, na ukiona bango la ngazi usiingie kwa haraka, ni 193 na zinazunguka. Tembea mpaka Leicester Square, ni dakika tano tu kwa mguu, na njiani unapita mbele ya mabango ya shoo nyingine, piga picha ya ile unayotaka kurudi kuiona.